Msikilize Anayegonga Nyuma

Ukitaka kujua kama kundi la wapigaji ni zuri, usianze na mwimbaji. Sauti yake inakufikia hata ukiwa bado njiani, na ikiwa tamu utaipenda kabla hujaipima. Anza na yule anayeshika mapigo. Ndiye anayeibeba ile sauti tamu tangu mwanzo hadi mwisho, na akiifanya kazi yake sawasawa wengi wetu hurudi nyumbani bila kujua alikuwapo. Ninayaandika haya nikiwaza Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kwa sababu huko kuna mfano mkubwa wa sanaa hii ambao Waswahili wachache wanaufahamu, na kwa sababu vita vilivyoanza huko mwaka 1993 vimewatawanya waliojua kupiga pamoja na waliojua kusikiliza.

Mfano wenyewe ni wa mwaka 1956. Katika nchi ya Wanyanga, Walikale, mtambaji aitwaye Shé-Kárisi Candi Rureke aliutamba utenzi wa Mwindo kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck, mtafiti kutoka Ubelgiji, huku waandishi wakiyafuata maneno yake kwa mkono. Kitabu kilitoka California mwaka 1969 kikiwa na majina mawili, la Biebuyck na la Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Hadithi inamhusu chifu Shemwindo wa Tubondo, aliyewakataza wake zake saba kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, akapitia kidole cha kati cha mama yake, akiwa tayari anatembea na kusema. Baba akaamuru mtoto afungiwe ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Ngoma ikaelea, na mtoto akaimba akiwa humo humo ndani, akimuaga baba yake, kisha akashika safari ya kwenda kwa shangazi yake Iyangura. Shujaa anaimba akiwa ndani ya ngoma! Sijui utenzi mwingine unaoonyesha waziwazi hivyo kwamba sauti na mapigo ni kitu kimoja.

Kwa desturi utenzi huu hautambwi wote kwa mkupuo. Chifu au wazee humwomba mtambaji kipande kimoja au viwili jioni, na Rureke mwenyewe alisema hajawahi kuutamba kutoka mwanzo hadi mwisho kwa siku zinazofuatana. Basi mizani ya kwanza ni hii: mtambaji bora anajua kukata. Ukimwomba safari ya Mwindo kuzimu kwa Muisa, atakuingiza humo bila kukurudisha kwenye kuzaliwa kwake, na atakutoa mahali ambapo moyo wako umetulia, ingawa unajua bado kuna mengi. Anayeshindwa kukianza kisa katikati ameikariri njia moja tu, na akipotea hana njia nyingine.

Sasa tugeuke nyuma yake. Mtambaji anasimulia, anaimba, anacheza, anaigiza. Mkononi ana kibuyu cha kutikisa na miguuni ana njuga. Nyuma wamekaa wasaidizi, aghalabu vijana watatu, mmoja wao akiwa mwanafunzi wake. Chombo chao ni mti mmoja uliolazwa juu ya vijiti vichache, nao wanaugonga kwa vijiti vya mkononi. Basi. Hakuna ngozi, hakuna nyuzi. Kaa karibu na mti huo, kwa maana hapo ndipo usiku utafaulu au utaharibika.

Sikiliza kwanza mlio. Vijiti vya chini vimewekwa ili mti usiguse ardhi na sauti ipate nafasi ya kutoka. Mti ukilala kwenye udongo unameza pigo. Ukiinuliwa vizuri unalia kwa ukali mkavu, na kila pigo linaisha kabla lingine halijaingia. Mgongaji anayejali hataanza kabla ya kugonga huku na huku na kuvisogeza vijiti vya chini hadi mlio ukae. Ukimwona anafanya hivyo, vuta kiti karibu. Yupo pia anayefika akaanza kugonga papo hapo; huyo hasikilizi chombo chake, na sioni namna atakavyomsikiliza mwenzake.

Kisha subiri mapigo yarudi. Utambaji una sehemu za kusema na sehemu za kuimba. Wakati wa kusema mti hunyamaza, au hugongwa kidogo tu, na hadithi inakwenda kwa mdomo mtupu. Halafu ghafla maneno yanageuka wimbo. Pigo la kwanza la wimbo huo ndilo ninalolithamini kuliko yote. Vijiti vitatu vikishuka kama kimoja, ujue wale vijana walikuwa wakifuata hadithi neno kwa neno na waliuona wimbo ukija. Kimoja kikichelewa, mwenye nacho alikuwa amepumzika. Watu hawataona tofauti kwa macho, lakini mabega yao yatajua: wimbo ulioshukiwa vizuri unamwinua msikilizaji palepale, na ule uliochelewa unamlazimu mtambaji kuimba mistari miwili mitatu peke yake kabla watu hawajaamka.

Halafu pima uvumilivu. Mtambaji anacheza, anahema, anatoka jasho. Akivuta neno refu, je, mapigo yanamngoja? Kundi changa hungoja kwa heshima, na heshima hiyo inaua wimbo. Kundi lililokomaa linaendelea na njia yake, nalo linamwachia mtambaji atafute mwenyewe mahali pa kutua. Kinyume chake ni haraka: watu wakishangilia, vijana huanza kukimbia bila kujua. Kuitambua ni rahisi. Wimbo ukianza, gonga goti lako kwa kidole na uliweke pigo hilo kichwani. Wimbo ukiisha, gonga tena. Mwendo ukiwa umeongezeka, jiulize kama waliuongeza wote pamoja kwa kukusudia au kama kila mmoja alivutwa na kelele. Kuongeza kwa kukusudia ni ufundi na mchezaji ataupenda.

Jambo la mwisho kwa upande huu ni kutoka na kurudi. Katika nyimbo za utenzi Rureke hakuishia kwenye kisa cha Mwindo. Aliingiza methali, mambo ya maisha yake mwenyewe, maneno kwa waliohudhuria. Wasikilizaji nao huitikia kiitikio, hupiga makofi, huleta zawadi: chakula, pombe, shanga, zamani hata butea, zile pete za ukili zilizotumika kama fedha. Yote hayo yanaukata mwendo. Kundi bora linakatwa mara kumi na kila mara linajua hadithi iliachwa wapi. Ukiona wasaidizi wanatazamana, wamepotea.

Sasa twende mjini: mwaka huohuo wa 1956, tarehe 6 Juni, huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilizaliwa bendi ya OK Jazz, ambayo Franco alikuja kuiongoza kwa miaka mingi. Kwetu neno jazz lilishikwa na bendi za dansi kote, na Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania ni ndugu wa jina hilo. Umeme uliingia, magitaa yakawa matatu au manne, lakini mizani ilibaki ileile. Chukua African Jazz ya Joseph Kabasele. Kila mtu anamkumbuka Nico Kasanda, Dokta Nico, kwa solo zake. Wachache wanamtaja kaka yake, Charles Mwamba, aliyejulikana kwa jina la Dechaud, aliyepiga gitaa la kusindikiza pembeni yake. Tafuta "Indépendance Cha Cha", iliyorekodiwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mazungumzo ya uhuru. Isikilize mara ya kwanza ukimfuata Nico, kama kila mtu. Isikilize tena ukimwacha Nico aende zake na kumfuata Dechaud peke yake. Mara ya tatu utagundua kwamba Nico anaweza kuchelewa, kuruka na kurudi kwa sababu kaka yake hatikisiki. Kwa maoni yangu Dechaud ni miongoni mwa wapigaji wakubwa wa Kongo, na ninasikitika kwamba jina lake linahitaji maelezo.

Hata jazz yenyewe ya New Orleans ina mtu wa namna hiyo, naye alipiga banjo. Johnny St. Cyr alizaliwa New Orleans mwaka 1890, akafanya kazi ya kupiga plasta kwenye nyumba, na mwaka 1925 alikuwa Chicago na Louis Armstrong katika kundi la Hot Five, kisha akapiga na Jelly Roll Morton. Wenye kuipenda jazz ya zamani wanamtaja mpaka leo kwa upendo mkubwa. Sababu iko wazi ukilichunguza kundi lile: kulikuwa na koneti, tromboni, klarineti, piano na banjo. Hapakuwa na ngoma. Piano ya Lil Hardin na banjo ya St. Cyr ndizo zilizokuwa ngoma. Banjo inafaa kazi hiyo kwa sababu waya zake zinakaa juu ya ngozi iliyowambwa; sauti inaruka kwa ukali na kufa upesi, hivyo kila pigo linasimama peke yake. Ni tabia ileile ya mti wa Wanyanga ulioinuliwa juu ya vijiti. Na tusisahau kwamba mababu wa banjo walivuka bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani.

Je, mpigaji akiwa peke yake? Hapo tafuta dole gumba. Mwaka 1952 huko Jadotville, sasa Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana kutoka Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akipiga "Masanga". Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, lakini asiyejua huapa kwamba wako watu wawili. Shahada inazungumza juu. Gumba linagonga chini, nalo ndilo Dechaud wake na ndilo vijana wake wa kugonga mti. Alipokwenda Nairobi baadaye, vijana wa Kenya walimwiga sana. Ukimsikiliza mpiga gitaa kavu, lisilo la umeme, popote, harusini Masisi au kwenye duka la mtaa Goma, lisahau shahada kwa muda. Gumba likisimama kila shahada inapopata kazi ngumu, mpigaji bado ni mwanafunzi. Likiendelea bila kujali, umempata fundi, hata kama anajua nyimbo tatu tu.

Chombo chake kisikudanganye. Gitaa la kujitengenezea, la kopo au bidoni lenye nyaya za breki ya baiskeli, lina haki sawa ya kupimwa. Likague hivi: tazama kwanza kama shingo imenyooka toka kwenye kopo hadi kwenye vigingi, maana shingo iliyopinda haitashika sauti hata dakika moja. Piga waya mmoja mmoja usikie kama unakwaruza mbao. Kisha bonyeza kidaraja. Kikicheza, mlio utapotea hapo. Mlio wa bati ni mkavu kidogo na hilo si kosa. St. Cyr naye alipiga banjo yenye waya sita, shingo ya gitaa juu ya mwili wa banjo, na hakuna aliyemcheka.

Yapo mambo yanayopewa sifa bure. Kasi ni mojawapo. Yeyote mwenye vidole vyepesi anaweza kukimbia, ila kupiga polepole bila kulegea ni kazi ya miaka. Jingine ni kelele za spika. Spika kubwa hufunika makosa ya wa nyuma na kumwongezea wa mbele ukubwa asiokuwa nao, kwa hiyo ikiwezekana wasikilize wakati umeme umekatika. Kuiga rekodi sauti kwa sauti pia hakunishawishi. Kijana anayepiga "Masanga" kama Mwenda hasa amefanya kazi ya kusifiwa, lakini mwombe aupunguze mwendo au aurudie ubeti kwa ajili ya anayecheza, ndipo utajua kama ameuelewa.

Watambaji na wapigaji wa Masisi na Walikale leo wako vijijini, wako Goma, wako makambini, na wengine wamevuka mpaka. Ukibahatika kumpata mmoja na ukataka kumrekodi kwa simu, usiielekeze mdomoni mwake peke yake. Iweke chini, kati yake na wagongaji, hatua mbili tatu kutoka kwenye mti, na umwombe mtu mwingine aishike ili wewe uweze kuitikia. Omba kipande kimoja tu, kama wazee walivyofanya. Kabla ya kuondoka andika tarehe, kijiji alikotoka, jina la aliyemfundisha, na majina ya wote waliopiga, pamoja na yule kijana wa mwisho aliyekaa nyuma kabisa. Mwachie nakala mtambaji mwenyewe na nyingine uipeleke kwenye shule au redio ya karibu. Na ukitoa fedha, tafadhali zigawe mwenyewe mbele ya watu, mgongaji apate fungu lake mkononi.