UTETEZI WA MWANAHISABATI: UHAKIKI WA KITABU CHA G. H. HARDY

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki kitabu cha hisabati, na yamkini wapo wasomaji watakaotuuliza ruhusa hiyo tumeipata wapi. Sisi ni walimu wa lugha. Hisabati tuliiaga mapema chuoni, wala hatukulia. Hata hivyo kitabu tunachokileta leo mbele ya walimu wenzetu, ingawa kimeandikwa na mwanahisabati juu ya hisabati, kinazungumza habari ya walimu, ya wahakiki, ya lugha, na ya swali ambalo kila mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda amekwisha kuulizwa na mzazi: somo hili litamfaa nini mwanangu?

Kitabu chenyewe ni A Mathematician's Apology cha Godfrey Harold Hardy, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1877 na kufariki mwaka 1947. Kilitoka Cambridge mwaka 1940, na tangu mwaka 1967 kimekuwa kikichapishwa pamoja na dibaji ndefu ya rafiki yake, C. P. Snow. Neno la mwisho katika jina la kitabu limewapoteza wengi. Hapa halina maana ya kuomba radhi. Lina maana yake ya kale ya Kiyunani, yaani maneno asemayo mshtakiwa mbele ya baraza ili kujitetea. Kwa hiyo sisi tunalifasiri Utetezi wa Mwanahisabati. Mtu akikosea hapo atakisoma kitabu chote kana kwamba ni toba, na Hardy hakuwa mtu wa kutubu.

Ama kuhusu fani, ni kitabu kidogo chenye sehemu fupi 29, na nyingine hazizidi kurasa mbili. Lugha yake ni kavu, imekatwa sawasawa, haina pambo lisilo na kazi. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 62, amekwisha kupatwa na maradhi ya moyo mwaka 1939, na anaamini kwamba uwezo wake wa kuvumbua umekwisha. Huzuni hiyo haisemwi wazi ila mara chache, lakini imeenea kote kama moshi nyumbani. Ni mtu aliyeona kwamba hawezi tena kufanya kazi yake, akaamua kueleza ilikuwa na thamani gani.

Msomaji mwalimu atachomwa tangu ukurasa wa kwanza. Hardy anaona aibu kuandika juu ya hisabati badala ya kuifanya, na anasema kwamba kufafanua, kuhakiki na kusifu kazi za wengine ni shughuli ya akili za daraja la pili. Tulipofika hapo tulikifunga kitabu, tukakiacha siku mbili. Ni nani basi sisi, ambao tangu tupate diploma zetu hatujafanya jambo jingine ila kufafanua na kuhakiki?

Jawabu tumelipata katika maisha ya Hardy mwenyewe. Kwanza, mwaka 1908 alitoa kitabu cha kiada, A Course of Pure Mathematics, kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza chuo kikuu. Vizazi vingi vimejifunza kwacho. Pili, na hili ni zito zaidi, jambo alilojivunia kuliko yote ni kushirikiana na Srinivasa Ramanujan, kijana wa Kihindi aliyekuwa karani katika bandari ya Madras kwa mshahara wa pauni 20 kwa mwaka. Mwezi Januari 1913 Ramanujan alimwandikia barua iliyojaa kanuni ngeni; Hardy akazitambua, na mwaka uliofuata kijana akafika Cambridge. Lakini ni nani aliyemwamsha Ramanujan? Ni George Shoobridge Carr, mwalimu wa London aliyekuwa akiwatayarisha watahiniwa. Carr alikusanya maelfu ya kanuni katika kitabu kimoja ili wanafunzi wake wafaulu mitihani. Kitabu hicho kilimfikia Ramanujan akiwa shuleni bado, naye akakaa chini kuzithibitisha kanuni zile peke yake. Carr hakuvumbua lolote la kukumbukwa. Alikuwa mfafanuzi tu, wa daraja la pili kabisa. Pasipo yeye, Hardy asingepata ile barua.

Tukiacha kiburi hicho, kiini cha kitabu ni kizuri mno, na hapa tungependa kukaa kidogo. Hardy anadai kwamba mwanahisabati ni ndugu wa mshairi na mchoraji, kwa kuwa wote hutengeneza mipangilio. Tofauti ni kwamba yeye huipanga kwa mawazo. Mpangilio wa mawazo usio mzuri, asema, hauna makao ya kudumu katika hisabati. Ili asiwe mwenye kudai tu, anatoa mifano miwili ya Wayunani. Mmoja ni ule wa Euclid, unaothibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho.

Wasomaji watakumbuka kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Je, ziko hesabu maalumu, au haziishi? Mtu akidai kwamba anazo zote mkononi, mwambie azizidishe zote pamoja, kisha aongeze moja. Namba atakayoipata, akiigawanya kwa yoyote kati ya zile alizo nazo, itabaki moja daima. Kwa hiyo lazima iwepo namba tasa ambayo hakuwa nayo. Hoja imekwisha. Mtu wa maneno mengi hapati mahali pa kupenyeza neno, na kwa jambo hili tunaifananisha na ubeti uliotimia vina na mizani, ambao ukiondoa silabi moja umeubomoa.

Tulijaribu kuitoa hoja hii kwa Kiswahili mbele ya darasa la kidato cha pili, katika kipindi cha ufahamu. Tulianza kwa maneno yenyewe. Kijana mmoja aliyepita madrasa alizitambua mara moja namba witiri na namba shufwa, kwa kuwa maneno hayo ameyazoea katika sala. Kisha tukazidisha 2, 3 na 5, tukaongeza moja, tukapata 31, nayo ni tasa. Tukatia 7, tukapata 211, tasa. Tukatia 11, tukapata 2311, tasa vilevile. Tukaona tumeshinda, tukawaambia wanafunzi kwamba namba inayopatikana kwa njia hii huwa tasa siku zote.

Mwenzetu afundishaye hisabati alikuwa ameketi nyuma kwa udadisi tu. Huyu amekuwa akituambia mara nyingi katika chumba cha walimu kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati. Akanyanyuka. "Mwalimu, samahani, naomba chaki." Akatia 13, akapata 30031, kisha akaandika chini yake 59 mara 509. Hiyo si tasa. Kosa halikuwa la Euclid, wala la Hardy, ambaye aliiandika hoja kwa uangalifu, lilikuwa letu. Kinachothibitishwa ni kwamba ipo namba tasa mpya, ama hiyo yenyewe au mojawapo ya zile zinazoigawanya, na hapa mpya ni 59 na 509. Mwenzetu alilieleza jambo hilo kwa muda wa dakika kumi, kwa Kiswahili, na hakukwama ila mahali pamoja alipotafuta neno la kutaja hoja iliyokwisha kuthibitishwa. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye dawati, tukijifunza.

Sasa tuje kwenye dai linalotuuma kuliko lile la kwanza. Hardy anasema kwamba Archimedes atakumbukwa wakati Aeschylus, mtunzi wa tamthilia, amekwisha kusahauliwa, kwa sababu lugha hufa na mawazo ya hisabati hayafi. Ni maneno yenye mvuto, nasi tunakubali kwamba uthibitisho ule wa Euclid umevuka lugha nyingi bila kuchubuka. Lakini ulivuka kwa chombo gani? Kazi moja kubwa ya Archimedes, ambamo alieleza njia aliyoitumia kugundua mambo yake, ilipotea kwa karne nyingi kwa sababu maandishi yake yalikwanguliwa katika ngozi na juu yake zikaandikwa sala. Haikutambuliwa mpaka mwaka 1906, J. L. Heiberg alipoisoma huko Constantinople chini ya maandishi ya juu. Kadhalika vitabu vitatu vya Apollonius juu ya mikato ya pia vimetufikia kwa Kiarabu tu. Asili yake ya Kiyunani haipo. Kama wafasiri wa Kiarabu wangekuwa na maoni ya Hardy juu ya kazi za daraja la pili, vingekuwa vimekufa. Wazo la hisabati nalo hufa likikosa mtu wa kulisema katika lugha inayosomwa.

Dai la tatu ndilo lililokipa kitabu umaarufu. Hardy anagawa hisabati mafungu mawili. Liko fungu lenye manufaa, la wahandisi na la shuleni, ambalo kwake ni chapwa. Na iko hisabati ya kweli, safi, ambayo haina faida wala madhara. Nayo anaipenda kwa sababu hiyo. Mizinga na ndege za vita zina hesabu zake, asema, nazo ni mbaya kwa sura. Lakini nadharia ya namba na nadharia ya Einstein hazijamtumikia mwana-vita yeyote, wala hazielekei kumtumikia karibuni. Tukumbuke kwamba aliyaandika hayo mwaka 1940, mabomu yakianguka. Alikuwa anatafuta mahali ambapo mikono yake ingebaki safi.

Historia haikumhurumia. Mwaka 1945 dunia iliona kwa macho nguvu iliyofichika katika maada, ambayo Einstein alikuwa ameiandika kwa mlinganyo mwaka 1905, ingawa bomu halikutengenezwa kwa mlinganyo huo peke yake. Na nadharia ya namba? Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa kubwa sana. Siri yake inatokana na jambo ambalo mwenzetu alituonyesha ubaoni: kuzidisha 59 na 509 ni kazi ya mtoto, lakini ukipewa 30031 tu, kuzitafuta mbili zile ni taabu, na namba zikiwa na tarakimu mamia, taabu hiyo inawashinda hata makompyuta. Baadaye, mwaka 1997, ilitangazwa kwamba Clifford Cocks wa idara ya siri ya Uingereza alikwisha kuifikia njia hiyo mwaka 1973. Majeshi huzitumia siri za namna hii, na mabenki pia. Kiswahili kiliziita namba hizi tasa, ilhali Waingereza na Wafaransa huziita za kwanza. Jina letu lingempendeza Hardy, kwa kuwa ndivyo alivyotaka ziwe.

Kosa lake jingine liko karibu nasi zaidi. Anajigamba kwamba hakuna alichogundua kilichowafaa watu. Kumbe mwaka 1908 aliandika barua fupi katika jarida la Science, akieleza jinsi sifa za kurithi zinavyogawanyika katika kizazi. Daktari Mjerumani, Wilhelm Weinberg, aliifikia hoja ile ile mwaka huo huo. Leo ni msingi wa elimu ya urithi. Ikiwa katika jamii fulani kinasaba kimoja kati ya kumi ni cha selimundu, kanuni hiyo yatuambia kwamba kati ya watoto 100 wanaozaliwa tutazamie mmoja awe mgonjwa, 18 wawe wachukuzi wasiougua, na 81 wasiwe nacho. Mwaka 1954 A. C. Allison alitangaza utafiti juu ya damu ya watoto wa Kiganda karibu na Kampala, akaonyesha kwamba wachukuzi wana kinga fulani dhidi ya malaria. Katika nchi yetu, hesabu ambayo Hardy aliiona ndogo mno ndiyo hutusaidia kujua ni wazazi wangapi watakaolia.

Na mgawanyo wenyewe wa mafungu mawili, hatuuamini. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, aliweka humo sehemu kubwa juu ya mirathi na wasia. Mke aliyefiwa na mume mwenye watoto apate thumuni, mama wa marehemu sudusi. Maneno hayo yangalipo katika Kiswahili cha pwani. Hisabati safi imechimbuka katika ugomvi wa ndugu juu ya shamba.

Je, tumtupe Hardy? Hasha. Katika jambo moja tunasimama upande wake. Mzazi anapotuuliza faida ya Kiswahili, sisi hukimbilia soko la Afrika Mashariki, kazi za ukalimani, na biashara. Tunasema kweli, lakini tunasema nusu ya kweli, na mwanafunzi aliyejifunza kwa ajili ya soko hukiacha Kiswahili siku soko likihama. Hardy alithubutu kusema mbele ya watu kwamba jambo lastahili kufanywa kwa kuwa ni zuri na ni la kweli. Sisi tunaofundisha ushairi hatujathubutu.

Lakini aliweza kuthubutu kwa kuwa alikuwa na chumba, chakula na mshahara katika chuo cha Trinity. Ramanujan, karani wa pauni 20, asingeliweza kuyasema hayo, na mwaka 1920 alikufa akiwa na miaka 32. Dibaji ya Snow inawaeleza wote wawili kwa upole, nasi tunashauri isomwe baada ya kitabu, isije ikamfanya msomaji amhurumie Hardy kabla ya kubishana naye. Kwa matumizi ya darasani sehemu ya 12 na ya 13 zinatosha. Anayetaka kuzifasiri na atuandikie. Sisi tumekwisha kuanza na ya 12, na mwenzetu wa hisabati amekubali kuisahihisha.