Sifa za Fundi wa Dizeli

Wanaouliza ni pikapu ipi ya mtumba iliyo bora kuliko zote, Hilux au Isuzu, Nissan au Land Cruiser, aghalabu hutaka kujibiwa kwa jina la kiwanda. Walakini katika nchi ya Rungwe, ambako barabara itokayo Uyole hupanda hata ikavuka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka Tukuyu na kushuka tena hadi bonde la Kyela, na ambako njia za Kisiba na Masoko hugeuka tope la kuteleza huku mikungu ya ndizi ikingoja kubebwa, jibu la haki hulitoa fundi, tena baada ya kuisikiliza injini yenyewe.

Fundi mahiri huanza kwa kiganja. Kabla ufunguo haujazungushwa huweka mkono juu ya injini, na akiikuta na vuguvugu huamuru iachwe ipoe, kwa maana muuzaji aliyeiwasha alfajiri huenda anaficha ugumu wake wa kuwaka. Dizeli haina cheche: huishindilia hewa ndani ya silinda, katika injini za Toyota za jamaa ya L zaidi ya mara 20, hata joto la hewa hiyo likayawasha mafuta; basi ringi za pistoni zilizolika huvujisha nguvu hiyo, na baridi ya Tukuyu ya mwezi Juni huifichua aibu ya injini upesi. Ikishawaka, hulegeza kifuniko cha oili akakiacha juu ya tundu lake: kikitulia huridhika, kikirukaruka kwa pumzi inayofukuta kutoka chini hujua kwamba ringi zimekwisha. Ndipo huenda nyuma kuusoma moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ipate moto humrudisha mbele kutafuta mapovu ndani ya rejeta, dalili ya gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka. Hayo yote huyafanya kimya, nami sioni kazi ya mikono inayostahili taadhima kuliko hiyo.

Ama injini zenyewe, 2L ya Toyota ya lita 2.4 ni mvumilivu lakini huelemewa na mlima. 3L ya lita 2.8, na 5L inayokaribia lita 3, zimeongezewa nguvu pasipo kupoteza uvumilivu huo. Isuzu 4JA1 ya lita 2.5, kwa kuwa hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, hunguruma zaidi na kunywa kidogo. 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda 6 na lita 4.2, ni sultani wa milima, illa bei yake humshinda mkulima wa ndizi. Na 2L-T yenye turbo hupanda kwa fahari, lakini silinda hedi yake ina sifa mbaya ya kupasuka ikizidiwa na joto.

Katika mita 2,000 hewa hupungua kadiri ya sehemu moja katika tano, hivyo injini isiyo na turbo ambayo pampu yake ilipimiwa Dar es Salaam hupata mafuta mengi kuliko hewa ya kuyaunguza, ikatoa moshi mweusi mlimani na kuchoka. Mwenye gari, akiona gari limelegea, humsihi fundi aikaze skrubu ya pampu ili mafuta yazidi. Fundi mwenye dhamana hukataa, kwa kuwa ziada hiyo huzaa joto na masizi, si nguvu. Badala yake husafisha chujio la hewa, hupima nozeli moja moja, na ikilazimu huyapunguza mafuta.

Kwa hiyo mimi ningeichagua 3L iliyokwisha kupitia kiganja hicho, nikaipakia ndizi Kisiba na kuipandisha Tukuyu kwa gia ya pili, fundi akiwa ameketi kando ya dereva, jicho lake likiwa kwenye geji ya joto.