Sherehe Iliyomfukuza Mshindi

Sherehe ya kutoa tuzo shuleni ina jukwaa, wachezaji na watazamaji. Ina mwanzo, kilele na mwisho. Ni haki basi kuihakiki kama tunavyohakiki tamthilia, na kuuliza kama imetimiza kusudi lake.

Nitahakiki moja niliyoisimamia mwenyewe, katika shule moja ya Kehancha, nchi ya Wakuria. Mapambo yalipendeza, hotuba zilikuwa na maana, na kwaya iliimba vema. Lakini vipaza sauti viliwekwa karibu na safu ya mbele walikoketi washindi. Na alasiri mvua kubwa ikashuka juu ya paa la mabati lisilo na dari. Mvulana aliyeshinda tuzo ya hesabu aliziba masikio, akajikunja, kisha akakimbilia nje. Nilimfuata nikamkaripia mbele ya wazazi wake, nikamwita mtovu wa adabu. Tuzo yake ilipokewa na mwingine. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa na usonji. Hukumu yangu ilikuwa imetangulia ushahidi.

Usonji hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 huko Marekani. Lakini ilipita miaka 70, hata 2013, ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo ulipotia tofauti za hisi katika vigezo vya kuitambua. Kwa wengi wenye usonji, milango ya fahamu hupokea mengi mno au machache mno. Sauti tuionayo ndogo huwa nyundo kichwani mwao. Mwanga wa taa huwachoma. Shati jipya huwawasha kutwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Haikuwa kwa mvulana. Sherehe imfukuzayo yule inayemheshimu imeshindwa, hata ikipigiwa makofi.

Wako wasemao: dunia ina kelele, na azoee. Lakini jicho halizoei mchanga. Hulia tu mpaka utolewe. Wengine husema hatuwezi kuharibu furaha ya wengi kwa ajili ya mmoja. Hoja hii ina uzito, kwa maana sherehe bila shangwe ni matanga. Lakini shangwe na kishindo si kitu kimoja. Iritungu, zeze kubwa la Wakuria lenye nyuzi 8, limechezesha watu vizazi vingi kabla ya kipaza sauti kufika, na furaha yao haikupungua.

Marekebisho yenyewe si ghali. Vipaza sauti visogezwe mbali na kupunguzwa nguvu. Mwanafunzi aelezwe utaratibu siku moja kabla, atembezwe ukumbini ukiwa mtupu, aketi karibu na mlango, na ajue chumba cha utulivu kilipo. Asiyependa makofi apungiwe mikono. Darasani, rimu ya gari itumiwayo kuwa kengele itundikwe mbali na dirisha. Na mvua ipigapo mabati, mwalimu aandike ubaoni badala ya kushindana nayo kwa ukelele. Dari pekee ndiyo inayotaka fedha nyingi, nayo humfaa kila asomaye chini yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata elimu pamoja na wenzake, kwa kadiri ya maslahi yake. Haki hiyo haitimii kwa kufungua lango la shule tu, ikiwa mlango wa darasa unamrudisha nje.

Nanyi wasomaji, siku moja mtasimamia sherehe zenu. Mkimwona mtu anakimbia, msianze kuuliza ana kasoro gani. Ulizeni kwanza anakimbia nini. Mimi sikuuliza, na mvulana yule hakusikia jina lake likitajwa.