KUMBE ILIKUWA NDOTO? UHAKIKI WA NDOTO KATIKA SINEMA ZA KATUNI

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha anaufahamu mwisho huu: mtoto amefukuzwa na chui, ameangukia mtoni, mamba yu karibu kummeza, mara anazinduka, kumbe ilikuwa ndoto! Karatasi imekwisha, mwandishi amechoka, na ndoto imekuwa mlango wa kutorokea. Tumeukemea mwisho huo, na tumefanya vyema. Lakini kwa kuukemea tumejizoeza kudhani kwamba kila ndoto katika kazi ya sanaa haina budi kufumbuliwa kwa neno "kumbe". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Hapa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, baadhi ya jioni huwaonyesha wanafunzi wangu sinema kwa kompyuta iliyotiwa moto wa jua mchana. Hutafsiri kwa sauti, kama wafanyavyo wafasiri wa vibanda vya sinema kote Uganda. Jioni moja tulitazama Tonari no Totoro, yaani "Jirani Yangu Totoro", kazi ya Hayao Miyazaki iliyotolewa Japani mwaka 1988. Wasichana wawili, Satsuki na Mei, wamehamia shamba na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Totoro, kiumbe mkubwa wa msituni, anawapa kifurushi cha mbegu, nao wanazipanda. Siku zinapita bila mche kuchomoza. Usiku mmoja wanamwona Totoro akilizunguka tuta. Wanatoka na kuungana naye. Mbegu zinapasua ardhi na kuwa mti mmoja mkubwa ajabu, nao wanaruka angani pamoja naye juu ya pia inayozunguka. Asubuhi mti haupo. Lakini tutani miche midogo imechomoza.

Hapo nilifanya haraka, nikawaambia watazamaji: "Kumbe walikuwa wakiota." Msichana mmoja wa darasa la sita akanipinga: "Mwalimu, zilizoota ni mbegu." Darasa likacheka, nami nikacheka. Usiku nikatambua kuwa mtoto yule ameihakiki sinema kunishinda.

Tulitazame neno lenyewe. Katika kamusi zetu, kuota ndoto na kuota kwa mmea ni vitomeo viwili mbalimbali vilivyofanana kwa sauti. Hata hivyo msemaji huvisikia vikikaribiana: mkulima huotesha mbegu, na mganga husema ameoteshwa dawa. Mjapani aliyeitunga sinema hii hakuwa na habari ya maneno yetu, wala sidai kwamba maana hiyo aliiweka yeye. Nasema tu kwamba lugha yetu inatuwezesha kuyaeleza mambo mawili kwa pamoja pale ambapo mfasiri mwenye papara huchagua moja. Aidha, tunayo maneno ndoto, njozi, ruya, maono na jinamizi, na kila moja lina uzito wake. Anayeyafanya yote kuwa "ndoto tu" anaifukarisha lugha pamoja na sinema.

Je, mhakiki afuate kipimo gani? Nionavyo mimi, aulize mambo matatu: je, mtunzi ameonyesha kulala na kuamka? Je, kumebaki alama yoyote baada ya tukio? Na wahusika wanatenda nini baadaye? Katika The Lion King II ya mwaka 1998, Simba anamwona baba yake akining'inia gengeni, kisha anagutuka usingizini. Hilo ni jinamizi, wala halina ubishi. Lakini katika The Lion King ya mwaka 1994, Mufasa anamtokea mwanawe mawinguni ilhali Simba yu macho. Wingu likitoweka, Rafiki anafanya mzaha juu ya hali ya hewa, na swali linabaki wazi. Watayarishaji wa toleo la mwaka 2019 walilififiza umbo lile hata likakaribia kuwa wingu tu lenye radi. Nadhani waliogopa muujiza.

Kwa watoto wa hapa swali hilo si la darasani peke yake. Wengi wametoka Kongo na Burundi, na wako waliopoteza wazazi. Mtoto akiuliza, "Baba yake alikuja kweli?", haulizi habari za simba. Nikijibu "ndiyo", namwahidi jambo nisiloweza kulitimiza. Nikijibu "ni ndoto tu", namnyang'anya alichokipata. Ndiyo sababu naiweka kazi ya Miyazaki juu ya ile ya Marekani. Mufasa anazungumza kwa sauti kuu na kutoa amri. Totoro hasemi kitu. Usiku ule haumponyi mama wa watoto, wala mti ule haubaki. Kinachobaki ni miche michache inayohitaji kumwagiwa maji. Faraja hiyo ni ndogo, lakini haidanganyi.

Huenda msomaji akasema kwamba utata wa namna hii utawafunza watoto ushirikina. Sikubaliani naye. Mei anapodai kwamba amemwona Totoro, baba yake hamwiti mwongo, wala hadai kuwa yeye naye amemwona. Humsikiliza, kisha huenda pamoja naye kuutazama mti. Sioni ushirikina hapo. Naona malezi, na naona pia mfano mwema wa kufundisha fasihi.

Basi, walimu wenzangu, tunapofasiri au kufundisha sinema za namna hii, tulizuie kidogo neno "kumbe". Tuwaulize wanafunzi wameona nini, kimebaki nini, na wangelichagua neno gani: ndoto, njozi au maono. Juma lililofuata niliwaonyesha tena sehemu ile ya mbegu. Safari hii nilinyamaza hadi miche ilipoonekana, kisha nikasema: "Wameota." Hakuna aliyeuliza ni nani.