Petroli ya Ndege Isiyo na Risasi: Kibali Kilitangulia, Elimu Ikachelewa

Septemba 2022, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliidhinisha G100UL, petroli isiyo na risasi ya kampuni ya GAMI, itumike katika injini zote za ndege zinazotumia petroli. Hata hivyo, uwanja wa ndege wa Reid-Hillview, San Jose, ulianza kuiuza mwishoni mwa 2024 tu. Kibali peke yake hakitoshi kuyafikisha mafuta kwenye tangi la ndege. Sharti rubani na muuzaji waelewane.

Tuanze na kazi ya risasi. Petroli ya 100LL, yenye rangi ya buluu, huwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Risasi hiyo hupandisha okteni ili injini yenye mgandamizo mkubwa isigonge, na pia hulinda viti vya valvu visilike. Ukiiondoa, lazima kazi zote mbili zipate mbadala.

Somo la kwanza lilihusu okteni. UL94, petroli isiyo na risasi ya Swift Fuels, inafaa injini nyingi ndogo, lakini zile zinazohitaji okteni 100 ndizo zinazoteketeza sehemu kubwa ya mafuta. Kwa hiyo Reid-Hillview iliposimamisha uuzaji wa 100LL Januari 2022 na kubaki na UL94, hatari ya kujaza mafuta yasiyofaa ikawa wazi. Somo la pili lilitoka Chuo Kikuu cha North Dakota. Ndege zake za mafunzo zilihamia UL94 mwaka 2023, mafundi wakagundua viti vya valvu za moshi vinalika, na Oktoba mwaka huohuo chuo kikarudi kwenye 100LL. Okteni ilitosha, kilichopungua ni ulinzi wa valvu.

Kwa rubani, elimu inayofaa ina mambo matatu. Kwanza, ahakikishe kibali cha nyongeza cha kutumia mafuta hayo kinataja injini yake na ndege yake, kiandikwe kwenye kitabu cha matengenezo, na kibandiko kikae kando ya mdomo wa tangi. Pili, ajue kuchanganya: G100UL inaruhusiwa kuchanganywa na 100LL, lakini haikuidhinishwa kuchanganywa na 100R, petroli nyingine isiyo na risasi ya Swift. Tatu, fundi apime valvu kwa ratiba.

Muuzaji naye anahitaji tangi au gari la mafuta lenye lebo isiyoleta utata, na mhudumu aliyefundishwa kuuliza kabla ya kufungua bomba: ndege hii ina kibali cha mafuta gani, na mara ya mwisho ilijazwa nini? Mhudumu haoni nyaraka za rubani, wala rubani haoni kilichomo ndani ya tangi la uwanja. Kila mmoja ana nusu ya habari, na bila swali hilo nusu hizo hazikutani.

Mpango wa EAGLE, ulioanzishwa 2022, unalenga kuondoa risasi katika petroli ya ndege Marekani kufikia mwisho wa 2030. Shule za urubani za Afrika Mashariki zinazotumia Cessna za petroli zisisubiri shehena ya kwanza ya petroli isiyo na risasi itie nanga: zianze sasa kukagua vibali vya injini zao, na wahudumu wa mafuta wakae darasa moja na marubani.