Tachi ya ndani imekufa, ya nje inapiga kazi

Simu ya kukunja ikigoma kuguswa, mafundi wengi hutoa jibu moja tu: kioo. Tatizo ni kwamba kioo cha ndani cha simu hizi si kile ambacho fundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, atakubadilishia huku unakunywa chai. Mara nyingi huuzwa kikiwa kimeshagundishwa kwenye fremu pamoja na bawaba yake, na kwa simu iliyonunuliwa ikiwa imetumika, bei yake inaweza kukaribia ya simu nzima. Ndiyo maana nilivutiwa na fundi mmoja wa mtaa huo aliyeichunguza simu ya namna hii kwa muda mrefu bila kushika bisibisi.

Simu yenyewe ni ya aina inayofunguka kama kitabu. Mwenye nayo ni mfanyabiashara wa vitenge. Kioo cha nje kinafanya kazi bila shida. Akiifungua, picha inatoka safi pande zote mbili, ila upande wa kulia hausikii kidole.

"Fundi, mwenzako kasema nibadilishe kioo."

"Huenda ni kweli, dada. Ilianzaje?"

Ilianzia kwenye kibodi. Herufi za mstari mmoja, upande wa kulia, ziliacha kuandika. Akadhani ni kosa la programu, akapakua kibodi nyingine. Baadaye mistari ikaongezeka, mpaka upande mzima ukawa kama umekufa.

Maelezo hayo yana uzito kuliko yanavyosikika. Chini ya uso wa kioo kuna wavu wa nyaya nyembamba zisizoonekana, nyingine zimelala, nyingine zimesimama. Kundi moja hutuma umeme kidogo, jingine husikiliza. Kidole kikikaribia, huiba sehemu ndogo ya chaji, na chipu inayoukagua wavu huo zaidi ya mara 100 kwa sekunde hujua ni wapi pameguswa. Kwenye simu inayofunguka kwa ubavu, mkunjo umesimama wima katikati, kwa hiyo nyaya zilizolala ndizo zinazouvuka na kukunjwa kila simu inapofungwa. Ukikatika mmoja hapo, ng'ambo ya mkunjo hubaki mstari mwembamba usioitika. Zikikatika nyingi, upande mzima hunyamaza. Picha haiathiriki kwa sababu hutoka kwenye tabaka jingine, chini ya wavu. Tachi inayokufa mstari kwa mstari si tabia ya programu iliyoharibika. Programu ikigoma, kwa kawaida hugoma kioo kizima.

Lakini fundi hakuishia kwenye dhana. Kwanza alichomoa chaja. Chaja feki huvujisha kelele za umeme zinazoichanganya chipu ya tachi, na wapo waliouziwa kioo kipya kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye chaja. Hali ikabaki vilevile. Akafuta kioo, akabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti mpaka simu ikazima na kuwaka upya. Bado.

Hapo ndipo simu ya kukunja inapomrahisishia kazi mtu mwenye akili, maana ina vioo viwili na ubongo mmoja. Kioo cha nje kikiitika vizuri, prosesa na mfumo wenyewe unaweza kuviweka kando na kuifuata njia ya kioo cha ndani peke yake. Na kwa kuwa picha ilihamia ndani mara tu simu ilipofunguliwa, kihisi cha sumaku kinachoiambia simu kwamba imefunguliwa nacho kilikuwa kizima. Kingekuwa kibovu, au kama mtu angekuwa ametumia kava yenye sumaku, simu ingeweza kudhani bado imefungwa na kuuacha mwanga wote nje. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na tiba yake haihitaji kioo.

Kisha akachomeka mausi kwa kiunganishi cha OTG. Mshale ukatokea, ukavuka mkunjo, akafungua picha na mafaili upande ule ule uliokuwa umekufa. Kila kitu kikaitika. Kwa hiyo kilichopotea ni hisia ya kidole tu. Mausi hiyo hiyo ilimpa nafasi ya kufanya jambo ambalo mimi ningelitanguliza kuliko yote: kunakili picha, namba na mazungumzo ya biashara kabla hali haijawa mbaya zaidi. Wanaokimbilia kufuta simu yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani huwa wanachoma data ya mteja kutafuta kosa lisilokuwepo.

Jaribio lililofuata ndilo lililonifurahisha. Simu za Android zina menyu ya wasanidi programu, ambayo hufunguka ukigonga namba ya toleo mara 7. Ndani yake kuna chaguo la kuonyesha njia ya kidole: kila unapopita, simu inachora mstari. Fundi akaburuta kidole polepole kutoka kushoto kwenda kulia, juu ya kioo, kisha chini kidogo, kisha chini tena. Mistari karibu yote ilifika kwenye mkunjo na kukatika hapo hapo, kwa unyoofu ambao mkono wa mtu hauwezi kuuiga. Sehemu mbili tu, moja karibu na ukingo wa juu na nyingine chini ya katikati, ndizo zilizovuka. Akawa na ramani ya nyaya zilizo hai.

Akaizungusha simu ili picha igeuke, akarudia. Sehemu iliyokufa haikugeuka na picha, ilibaki pale pale kwenye kioo, kwa hiyo kosa halikuwa la programu. Mwenye simu ya Samsung anaweza kupata ramani ya namna hiyo kwa kupiga *#0*# kwenye modeli nyingi na kuchagua jaribio la tachi.

Fundi wa kwanza alikuwa ameona utando wa juu umeanza kututumka kwenye mkunjo, akataka kuubandua akidhani ni protekta ya dukani. Dada alimkatalia, na alifanya vizuri sana. Kosa hilo lina historia. Aprili 2019 Samsung iliwapa waandishi Galaxy Fold ya kwanza, simu ya dola 1,980 iliyopangwa kuingia sokoni Aprili 26 huko Marekani. Baadhi yao walibandua utando uliofanana na protekta, kumbe ni sehemu ya kioo, na vioo vikafa. Mwingine hakubandua kitu, lakini uvimbe ukajitokeza chini ya kioo. Uzinduzi ukaahirishwa. Iliporudi sokoni Septemba mwaka huo, utando ulikuwa umerefushwa hadi chini ya fremu usishikike kwa kucha, ncha za bawaba zimezibwa, na tabaka za chuma zimeongezwa chini ya kioo. Galaxy Z Flip ya 2020 ilileta glasi halisi, lakini ya unene wa mikromita 30 hivi, na juu yake bado kuna utando wa plastiki. Utando ukituna kidogo, nafasi ya hewa inaweza kufifisha hisia ya kidole juu ya mkunjo wenyewe, si upande mzima.

Lilibaki swali la pembe ya kukunja. Fundi akaifunga simu nusu, kama kompyuta mpakato ndogo, akaburuta kidole tena. Mistari mitatu, minne iliyokuwa imekufa ikavuka. Akainyoosha, ikakatika. Waya ulioungua hauna habari na pembe. Unaoitika simu ikipindwa na kunyamaza ikinyooshwa huenda una ufa ambao kingo zake husogeleana kwenye mpindo na kuachana kioo kinapovutwa. Na ufa ulio ndani ya tabaka za kioo hauna risasi ya kulehemu wala kebo ya kuutibu.

Niliuliza kama mchanga ungeweza kuwa chanzo. Kwa simu inayotumika karibu na pwani swali hilo halikwepeki. Galaxy Z Fold6 ya 2024 ilipewa daraja la IP48, ambalo tarakimu yake ya kwanza inahusu vitu vya zaidi ya milimita 1, na chembe nyingi za mchanga wa ufukweni ni ndogo kuliko hapo. Fundi akaweka bawaba sikioni, akaifungua na kuifunga. Haikusaga. Alisema hilo halithibitishi kitu, ila asingeifungua simu kwa ajili ya kuutafuta mchanga.

Kwa hiyo jibu likawa lile lile la fundi wa kwanza: kioo. Tofauti ni kwamba sasa dada alijua ni kwa nini, data yake ilikuwa salama, na bei ilijadiliwa upya. Badala ya kioo kipya, fundi alipendekeza kutafuta simu ya spea ya modeli ile ile iliyokufa bodi, yenye kioo cha ndani na bawaba vizima, kisha kuhamishia bodi ya dada humo. Ni kazi ya mkono mwepesi, na gundi inayozuia maji haitarudi kama ya kiwandani, hilo alimwambia wazi. Na kwa kuwa simu iliyokufa bodi haiwezi kujaribiwa yenyewe, masharti ya ununuzi yakawa kwamba bodi ya dada itaunganishwa kwanza kwa muda, mistari ichorwe simu ikiwa imenyooka, ikiwa nusu na ikiwa karibu kufungwa, ndipo pesa itoke. Mpaka spea ipatikane, dada anauza vitenge kwa kioo cha nje.