Hidrojeli ya Retina na Safari ya Kurudi Nyabusozi

Mkazi wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, aliyebanduka retina na kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam hutoka hospitali matibabu yakiwa bado yanaendelea. Daktari ameondoa ute unaojaza jicho, ameilaza retina mahali pake na kuzunguka tundu lake kwa leza. Kovu la leza huhitaji kama majuma mawili kukomaa. Kwa muda huo lazima kitu kiishikilie retina isibanduke tena, na kitu hicho ndicho kinachoamua mgonjwa atarudi vipi kwao.

Gesi hutumika sana. Salfa heksafloraidi hukaa jichoni takriban majuma mawili, perfluoropropani sita hadi nane. Kiputo huelea, hivyo wagonjwa wengi huambiwa wainamishe uso kwa siku kadhaa. Kwa mtu wa Kagera, kikwazo kikubwa zaidi ni mwinuko. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na basi linalopita Singida hufika mita 1,500 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi kiasi kwamba gesi iliyopimwa pwani hutanuka kwa karibu asilimia 20. Ndani ya jicho, mtanuko huo unaweza kupandisha presha hadi damu ishindwe kuifikia retina. Ndege nayo imekatazwa kabisa mpaka gesi iishe.

Mafuta ya silikoni, aliyoyatumia Paul Cibis mwanzoni mwa miaka ya 1960, hayana shida hiyo. Lakini kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji wa pili, na yakikaa sana yanaweza kuleta mtoto wa jicho na presha ya jicho. Upasuaji wa pili ni nauli nyingine, msindikizaji mwingine, na shamba kuachwa tena.

Njia nyingine inaanzia kwenye ute wa jicho wenyewe, ambao kwa asili ni hidrojeli: zaidi ya asilimia 98 ni maji, yaliyoshikiliwa na kolajeni na asidi ya haialuroniki. Mwaka 2019 watafiti wa Singapore, wakiwemo Xinyi Su na Xian Jun Loh, walichapisha njia ya kuuiga. Waliunga polima tatu katika mnyororo mmoja: polietilini glaikoli inayopenda maji, polipropilini glaikoli inayoyakimbia joto likipanda, na polikaprolaktoni inayovunjika polepole. Ukiwa baridi, mchanganyiko hupita kwenye sindano. Ukipata joto la mwili, sehemu zinazokimbia maji hujikusanya, zikaungana, na jeli angavu ikajaa jichoni. Jeli hiyo hushikilia retina kwa kuvimba kidogo, bila kuelea. Katika sungura na nyani ilivunjika ndani ya miezi mitatu hivi, ikaacha kitu kinachofanana na ute wa asili.

Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. MIRAgel, ukanda wa hidrojeli ulioshonwa nje ya jicho katika miaka ya 1980, ulisifiwa kwa ulaini wake. Baada ya miaka kadhaa, kwa baadhi ya wagonjwa, ulizidi kunyonya maji, ukavimba na kumeguka ulipojaribiwa kutolewa. Ukaachwa.

Kwa hiyo majaribio ya jeli mpya yakifika Afrika Mashariki, yasiishie siku retina inaposhikana. Yawachukue wagonjwa wanaoishi mbali na hospitali na kwenye miinuko, yapime presha ya jicho wakiwa kwao, na yaendelee kuwafuatilia kwa miaka baada ya polima kuisha. Tiba iliyothibitishwa kwa anayeishi jirani na hospitali pekee haijathibitishwa kwa mtu wa Nyabusozi.